Jina la Nganga

Sosiot, 9 Februari 2025

Tata Nyagaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba dada Elmina na watoto wake ni wazima. Sisi tuko. Wiki jana mvua ya mawe ilipita huku ikachana majani yote ya chai, kituo cha kupimia majani kikafungwa, nami karani wako nikakaa nyumbani bila kupima hata kikapu kimoja. Wachira ni mzima. Siku hizi anapeleka bidhaa za duka kwa pikipiki hadi Kimulot. Mama mkwe wangu, Mama Nyathira, bado anafungua duka la misumari na mabati kabla jogoo wa Kiptanui hajawika. Huyo Kiptanui, ambaye ndiye anayelima shamba lako sasa, anakusalimu. Anasema, "Mwambie Mwalimu nimepogoa chai yake vizuri mwaka huu."

Najua utashangaa kuona karatasi. Nilikupigia simu nikasikia tu, "Nani? Nani?" Nikatuma ujumbe, mtoto wa Elmina akanijibu kwamba amekusomea kwa sauti mbele ya wageni. Jambo hili si la wageni.

Kuna utafiti umekuja Bomet. Chuo kikuu kimoja kinatafuta watu waliokaa kwenye ndoa bila kupata mtoto. Wanataka kujua kama ule upandikizaji unaofanywa Nairobi kwa gharama kubwa, yai na mbegu kukutanishwa maabara kisha kurudishwa tumboni, unaweza kufanywa huku kwetu kwa dawa chache na mashine ndogo. Wanaokubaliwa hawalipi. Anayeongoza anaitwa Daktari Caren. Januari tulienda na Wachira, tukapimwa wote wawili.

Huu ni mwaka wa saba tangu tuoane, Tata. Mama Nyathira hanitukani. Anaomba tu, kwa sauti, kabla ya kila chakula, kwamba jina la mume wake lirudi. Kwao Wakikuyu mvulana wa kwanza huchukua jina la babake mume, na Wachira ni mwana wa kiume wa pekee. Nikiwa bado nimeshika sufuria nasikia, "Na Nganga, Bwana, usimsahau Nganga."

Nataka kujua unaonaje. Pia nataka uje. Aprili ni mwezi mzuri, na mtu wa kukuleta atapatikana. Tangu baba afe, sina mwingine wa kumwita Tata.

Binti yako,
Esnah


Kiminini, 2 Machi 2025

Esnah mwanangu,

Barua yako ilikaa posta hadi mkwe wangu alipokumbuka kwamba tuna sanduku. Elmina amelima na sasa anatazama mawingu. Watoto wanasoma, mmoja kwa kupenda. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, ambayo yameniacha kwa adabu, moja likitangulia lingine. Macho bado ni yangu. Juzi upepo ulileta harufu nikasimama, nikidhani kiwanda kimeanza kukausha majani. Ilikuwa jirani anachoma mabua.

Nimefurahi kwamba ulichonieleza ni utafiti. Utafiti huulizwa maswali, na watu wake wanapaswa kujibu. Waulize haya. Je, nyote mtapata matibabu, au kuna kundi litakalowekwa kando ili mlinganishwe nalo? Utafiti ukiisha, damu na mayai yako vitakaa wapi, na kwa ruhusa ya nani? Unaweza kujitoa katikati bila kulaumiwa? Na katika wanawake kumi wanaoanza, ni wangapi hubeba mtoto hadi mwisho? Usikubali jibu la "wengi".

Hukuniuliza kama ni dhambi, ila nililisikia swali hilo chini ya yale mengine. Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu kuliko nilivyokuwa mwalimu. Sioni dhambi yoyote.

Umeandika kwamba mlipimwa wote wawili. Sentensi inayofuata inahusu miaka ya ndoa yenu. Nimeikung'uta bahasha kuona kama kuna ukurasa uliobaki ndani.

Wasalimie walio nyumbani.

Babako mkubwa,
Nyagaka


Sosiot, 21 Aprili 2025

Tata mpendwa,

Pasaka ilikuwa jana na kanisa lilijaa hadi nje. Mvua imekuja, majani yanatoka kwa wingi, na wachumaji wananipigia kelele kwamba mzani wangu ni mwizi. Ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Wachira ni mzima, ingawa amekonda kidogo.

Niliwauliza maswali yako. Daktari Caren alicheka, akasema, "Nani amekutuma? Mleteni huyo mzee nimpe kazi." Kisha akajibu yote. Kila mtu atatibiwa. Tutagawanywa kwa kura: wengine watapewa dawa nyingi kama za Nairobi, wengine vidonge vichache na mayai machache, ili waone tofauti ni kubwa kiasi gani. Kila kitu kinachobaki huharibiwa baada ya miaka mitano. Kujitoa ni wakati wowote. Na katika kumi, jaribio la kwanza, ni wawili au watatu. Hakuongeza sukari. Mimi wamesema mayai yangu ni mazuri na mirija iko wazi.

Nikuchekeshe kidogo. Juzi nilikuwa dukani nikimsaidia Mama Nyathira, akaja mama mmoja wa sokoni. Akaniangalia kuanzia chini, akamwuliza, "Mama Wachira, huyu binti wa Kisii bado?"

"Bado nini?"

"Si unajua."

"Wewe umekuja kununua misumari ama tumbo la mtu?"

Yule mama akalipa akaenda. Nikamshukuru Mama. Akaniambia bila kugeuka, "Usifikiri nakutetea bure. Mimi nangoja Nganga wangu."

Aprili inaisha na hukusema kitu kuhusu kuja. Kiptanui anakusalimu tena.

Binti yako,
Esnah


Kiminini, 30 Mei 2025

Esnah,

Nimechelewa kwa sababu ya mapafu. Nilikuwa hospitalini, nimetoka, nakunywa uji na kutii amri za Elmina. Mahindi yamefika magotini.

Nimesoma barua yako mara nyingi kwa kuwa sikuwa na nyingine. Kama mayai yako ni mazuri na mirija iko wazi, basi kilichobaki si kingi. Unaweza kunijibu au usinijibu, hiyo ni haki yako. Lakini usiniandikie tena habari za mvua.

Nyagaka


Sosiot, 15 Juni 2025

Tata,

Pole kwa ugonjwa. Mama Nyathira alikuombea jina lako likiwa la kwanza, kabla hata ya Nganga.

Sikutaka kukuficha. Nilikuwa nimemwahidi Wachira. Sasa amenipa ruhusa, au tuseme hakunikataza.

Wachira hana mbegu. Hata moja. Walimpima mara tatu.

Unakumbuka alitahiriwa Desemba ya 2007, alipomaliza darasa la nane. Januari, vurugu za uchaguzi zilipoanza, tukakimbia sote. Babake, Mzee Nganga, akauawa wiki ile. Wachira akawa hemani na mama yake na dada zake. Kambini kukaingia matubwitubwi, watoto wakavimba mashavu hema kwa hema. Yeye naye akavimba, Mama akamkanda na maji ya chumvi. Siku chache baadaye akavimba pale pengine. Homa, maumivu, hawezi kutembea. Hakumwambia mtu. Alikuwa ametoka kutahiriwa, Tata. Kwao mvulana akishakuwa mwanamume mama yake haoni tena mwili wake, na msimamizi wake wa tohara alikuwa amekimbilia kwingine. Angemwambia nani? Akalala kifudifudi wiki nzima, akasema ni kidonda hakijapona. Daktari Caren amemwambia ugonjwa ule ndio uliomaliza mbegu, na hata angesema, huenda haingesaidia. Wachira anasikia neno "huenda" tu.

Watu wa utafiti wana mbegu za wanaume waliopimwa, ambao hatutawajua na hawatatujua. Wachira alisema hapana pale pale. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Nikimwita Nganga, nitakuwa nimemdanganya baba. Nisipomwita Nganga, Mama atauliza kwa nini." Kisha akasema, "Wewe ni mzima, Esnah. Enda. Sitakusema vibaya kwa mtu." Nilipika ugali, tukala.

Lazima wote wawili tutie sahihi kabla ya mwisho wa Septemba. Baada ya hapo orodha inafungwa. Nina miaka thelathini na mmoja na sioni pesa ya Nairobi itatoka wapi maisha haya. Sitaki kwenda popote, nataka mtoto na nataka awe wa Wachira. Mama yake hajui lolote; bado anadhani ni mimi.

Tafadhali njoo. Wewe atakusikiliza.

Esnah


Kiminini, 4 Julai 2025

Esnah, na Wachira, kwa kuwa barua hii ni yenu wawili,

Nimepona, na Elmina amenirudishia viatu. Salamu za Mama Nyathira nimezipokea kwa heshima.

Wachira, naanza na wewe. Ulifanya ulivyofundishwa, ndani ya hema lisilokuwa na mwanamume mwingine. Nimesoma juu ya ugonjwa huo kila nilichoweza kupata. Hakuna dawa ya hakika ya kuuzuia ukishashuka, wakati ule wala leo. Lile jambo liweke chini.

Sasa habari ya jina. Esnah, ukiwa darasa la nne uliniuliza kaburi la babu yako Omariba liko wapi. Nilikuambia hakuna kaburi, ukaenda kucheza. Nilikuambia kweli. Omariba hana kaburi kwa sababu hakufa, na hakufa kwa sababu hakuzaliwa.

Bibi yetu Nyakerario, kule Nyamira, alizaa mabinti watatu. Siku hizo nyumba isiyo na mwana wa kiume ilifungwa, na ardhi yake ikaenda kwa wake wenza. Binti yake mkubwa alipoolewa, ng'ombe wa mahari walifika, na Nyakerario hakukubali waguswe. Aliwaswaga hadi kwa wazazi wa msichana aliyeitwa Nyamusi, akasema, "Namposea mwanangu Omariba." Kila aliyekuwa pale alijua hakuna Omariba. Wazee walikunywa, wakabariki. Nyamusi akaja kuishi na mama mkwe wake, akanizaa mimi, akamzaa baba yako Nyamwange. Kulikuwa na mwanamume, bila shaka. Alikuja akaenda. Hakutoa ng'ombe, kwa hiyo hakudai mtoto, na hakuna aliyetaka adai. Sisi tulikuwa wana wa Omariba. Jina hilo liko kwenye kitambulisho changu na kwenye cheti changu cha ualimu. Mchungaji alilisoma siku niliyofunga ndoa na sauti yake haikutetemeka.

Usiseme ulifichwa. Halikuwa siri. Lilikuwa jambo ambalo wakubwa walilijua na hawakuona haja ya kulitamka. Mimi niliambiwa na mama nilipopata nafasi ya chuo. Alikuwa akipepeta nafaka ya wimbi, na hakuacha kupepeta.

Wachira, unaogopa kumpa mtoto jina la mtu asiye wa damu yake. Mimi nina miaka sabini na sita, na nimebeba jina la mtu ambaye hakuwahi kuwa na damu. Nganga alikuwepo. Nilimjua. Aliniuzia mabati ya nyumba yangu, kisha akapanda juu kunisaidia kuyapigilia kwa sababu hakuupenda upigaji wangu wa nyundo.

Sikuambii utie sahihi. Mwili ni wa Esnah na jina ni la kwenu. Nasema tu kwamba watu wetu waliwahi kufika mahali hapa, bila maabara, na walipita. Kitu kimoja walikosea: walituacha tugundue wenyewe. Mkijaliwa mtoto, mwambieni angali mdogo, ili akue akijua.

Kuhusu kuja. Nilitoka Sosiot Januari ile, moshi wa nyumba yangu ukiwa mgongoni, na miguu haijakubali kurudi. Usiniulize tena, mwanangu, kwa sababu nataka.

Nyagaka Omariba


Sosiot, 11 Agosti 2025

Tata,

Tuko salama. Baridi ya huku unaijua. Ukungu haupandi hadi saa nne na wachumaji wanakuja wamevaa magunia.

Barua yako nililia nikiisoma, kisha nikacheka, kisha nikatafuta kitambulisho cha baba kwenye sanduku na kukishika tu. Hakuna kilichobadilika kwenye picha yake.

Nilimpa Wachira. Aliisoma akaiweka mfukoni mwa koti la mvua, akakaa nayo wiki nzima akienda nayo Kimulot na kurudi. Sikumuuliza. Jumapili, tukitoka kanisani, akasema, "Mwandikie Mwalimu umuulize kitu kimoja. Alipokuwa mkubwa, alimtafuta yule mwanamume?"

Ni hilo tu. Hajasema ndiyo. Daktari Caren amepiga simu kuuliza kama tumeamua. Mama Nyathira ameanza kusema kuna msichana wa jamaa zake Ol Kalou, mpole, aliyemaliza shule. Hajamaliza sentensi, lakini ameianza.

Kiptanui anakusalimu.

Esnah


Kiminini, 27 Agosti 2025

Esnah na Wachira,

Wote ni wazima hapa. Najibu swali moja.

Sikumtafuta. Nilionyeshwa. Ilikuwa matangani, Nyamira, nikiwa na miaka arubaini. Mtu aliyeninong'oneza alidhani ananipa zawadi. Nilimwona mzee mwenye koti la kijivu, ameketi na wenzake. Nilimtazama mikono. Ilikuwa mikono yangu, pamoja na hiki kidole cha mwisho kilichopinda. Tukasalimiana. Akaniuliza pareto inanunuliwaje upande wetu. Nikamwambia sisi ni watu wa majani ya chai. Akasema majani ni kazi. Nikasema ndiyo. Hayo ndiyo yote tuliyowahi kuzungumza.

Wachira atataka kujua kama niliumia. Kwa muda nilikitazama sana kidole hiki. Nilikitazama nikiandika ubaoni, nikila, nikiomba. Kisha nikaacha, sikumbuki ni lini. Sikuwahi kutaka kumwita yule mzee kitu chochote. Nilipomaliza kumsalimu, nilikwenda kwa Nyakerario, nikang'oa magugu juu ya kaburi lake, kwa sababu yeye ndiye aliyenitaka kabla sijakuwepo.

Mtoto wenu naye huenda siku moja akakitazama kidole chake. Sitawadanganya kwamba haitatokea. Ila mtakuwa mko hapo.

Nyagaka


Sosiot, 21 Septemba 2025

Tata,

Tumetia sahihi. Naandika haraka kabla ya kwenda kanisani, ila hii lazima uisikie yote.

Wachira alikubali kwa sharti moja, kwamba mama yake ajue kwanza. Jumapili iliyopita baada ya kanisa tulimfuata dukani. Milango ilikuwa imefungwa nusu, yeye akihesabu bawaba. Wachira akasimama kama mtoto aliyetumwa nyumbani kuleta mzazi.

"Mama, kule kambini niliumwa."

"Nakumbuka. Mashavu. Nilikukanda."

"Haikuwa mashavu peke yake."

Aliacha bawaba. Akakaa kwenye mfuko wa saruji. Akasema, "Ulikuwa unatembea vibaya. Nikasema ni kidonda."

"Ndiyo."

"Na mimi nikageuza uso, kwa sababu ulikuwa umekuwa mwanamume."

"Mama, daktari amesema haingesaidia."

"Daktari hakuwa hapo. Mimi nilikuwa hapo." Akalia bila sauti, akajifuta na leso ya dukani yenye vumbi la saruji, uso ukabaki mweupe. Kisha akanigeukia mimi. "Kwa hivyo nimeombea tumbo lisilo na ugonjwa miaka saba? Mbona hukunizuia? Nimemsumbua Mungu bure!"

Sikujua kama nicheke. Wachira akamweleza kuhusu mbegu za mtu asiyejulikana. Alisema hajui kama anaruhusiwa kumpa mtoto kama huyo jina la baba.

Mama akasimama. "Jina ni la nani? Ni lako? Nganga alikuwa mume wangu. Mimi ndiye nilitambua maiti yake, mimi nikamzika. Nitampa nimtakaye. Mtoto akilala kwa nyumba ya Nganga, akila chakula cha Nganga, ni Nganga. Wewe kazi yako ni kumlea."

"Na akiwa msichana?" nikauliza.

"Ataitwa Nyathira kama mimi, Nganga atafuata. Kwani mimi nina haraka?"

Yule msichana wa Ol Kalou hajatajwa tena. Nimeangukia kundi la vidonge vichache.

Binti yako,
Esnah


Sosiot, 2 Novemba 2025

Tata,

Walipata mayai matatu, moja likakubali, likarudishwa tumboni. Jumatano nilipimwa damu. Daktari Caren anasema ipo. Anasema ni mapema sana, tusimwambie mtu. Nimekuambia wewe na Mama amewaambia kuku.

Wachira amenikataza kubeba hata ndoo. Natapika na nafurahi kutapika.

Esnah


Kiminini, 16 Novemba 2025

Esnah mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama pale posta, kisha nikaketi kwenye ngazi nikaisoma tena. Mlinzi aliniuliza kama nimepata habari mbaya. Nilimwambia hapana, akasema basi nisifunge njia.

Elmina amevuna. Magunia yamejaa sebuleni, tunakula tukiwa tumeyaegemea. Sijamwambia, ila ananishuku kwa sababu nimeomba sukari mara mbili kwenye chai.

Daktari wako ni mwangalifu na ana haki ya kuwa hivyo. Wewe kula, lala, na majani yapimwe na mtu mwingine. Mwambie Wachira ndoo ni sawa ila asikukataze kutembea. Msalimie Mama Nyathira. Msalimie Kiptanui, na umwambie ile chai ya upande wa chini hupenda kupogolewa juu kidogo kuliko nyingine. Yeye anaijua sasa kuliko mimi, lakini mwambie.

Nangoja barua zako, hata ziwe za mvua.

Tata wako,
Nyagaka


Sosiot, 7 Desemba 2025

Kwa Mwalimu Nyagaka,

Salamu kutoka kwetu. Ni mimi Wachira. Sijaandika barua tangu shule, kwa hivyo utanisamehe mwandiko. Mama ni mzima. Esnah anapata nguvu, na kesho atarudi kituoni. Alijaribu kukuandikia akashindwa, akaniambia niandike mimi.

Barua yako ilifika mimba ikiwa imetoka siku iliyotangulia. Ilikuwa wiki ya nane. Ilianza asubuhi akitandika kitanda. Kiptanui alitupeleka hospitali kwa gari lake, hakuuliza kitu, akangoja nje hadi jioni. Daktari alisema hakuna aliyekosea, hutokea hata kwa wale wanaopata kwa njia ya kawaida. Nimelisikia neno hilo lote safari hii.

Mama alifunga duka siku nne. Watu walimuuliza nani amefariki. Akasema, mtu wa kwetu. Wamama wa kanisa wakaja na unga na sukari, wakakaa na sisi, wakaimba. Hawakujua wanamwimbia nani, na Mama hakuwaambia, lakini aliwapikia chai wote.

Baadaye alikuja dada mmoja wa utafiti. Kila mtu huulizwa maswali, aliyepata na aliyekosa, ili wajue watu wanakaaje baadaye. Alimuuliza Esnah kwanza. Kisha akaniuliza mimi. Alisema, "Kwa upande wako, kwa kuwa mbegu haikuwa yako, kutoka kwa mimba kumekuathiri kwa kiasi gani? Kidogo, wastani, ama sana?"

Nikamwambia sijaelewa swali. Akalirudia polepole. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anasoma vile imeandikwa.

Nikamwambia kwamba hapo aandike nimefiwa na mtoto.

Aliniangalia, akaandika.

Wametupa nafasi nyingine mwezi wa pili. Ilibidi sahihi mpya. Safari hii Esnah alikuwa bado anatafuta kalamu mimi nikiwa nimemaliza.

Mwanao,
Wachira Nganga